"Simpler" au "more simple"? Tunasahihishana yasiyo makosa, makosa yenyewe tunayaacha

Mwandika Pembeni

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeiona ripoti moja ya kazi iliyopitiwa na mkubwa wa idara. Mwandishi alikuwa ameandika: "The second method is more simple than the first and it gives more better results." Mkubwa akashika kalamu nyekundu, akakata "more simple", juu yake akaandika "simpler" na kuipigia mistari miwili. Kisha akahamia aya inayofuata. "More better" ikabaki palepale, salama salimini.

Hili linaniuma, ndiyo maana nimefungua uzi. "More simple" si kosa. "Simpler" inatumika zaidi, na mimi mwenyewe ningeandika hivyo, lakini vitabu vya sarufi ya Kiingereza vinazikubali zote mbili. "More better" ndiyo isiyokubalika katika Kiingereza sanifu cha leo. Kwa hiyo mwandishi kasahihishwa pasipo na kosa, penye kosa kaachwa, na kesho ataiandika tena kwa kujiamini kwa sababu imepita mikononi mwa mkubwa.

Kanuni tuliyokaririshwa wengi ni ya silabi. Kivumishi cha silabi moja weka "-er", cha silabi tatu na kuendelea weka "more". Hadi hapo hakuna ugomvi: "tall" inakuwa "taller", "expensive" inakuwa "more expensive", na hutamsikia mtu akisema "expensiver". Mabishano yote yako kwenye silabi mbili, na huko kanuni ina matawi ambayo wengi hatukufundishwa. Vinavyoishia na "y" hupenda "-er": "happier", "easier", "busier", "heavier". Vinavyoishia na "-ful", "-less", "-ing", "-ed" na "-ous" huchukua "more" peke yake: "more careful", "more useless", "more boring", "more worried", "more famous". Katikati ya hivyo kuna kundi linalokwenda pande zote mbili: "simple", "gentle", "narrow", "clever", "polite", "common", "quiet", "stupid", "pleasant". Kwenye kundi hili sikio la wenye lugha lina upande linaoupendelea, "quieter" kuliko "more quiet", "more common" kuliko "commoner", lakini aliyechagua upande wa pili hajavunja sheria yoyote.

Sasa makosa yenyewe, yale ambayo mtu akiyaandika kwenye barua anaonekana papo hapo, ndiyo haya tunayoyapita kila siku. La kwanza kabisa: "He is tall than me." Asili yake inajulikana. Kiswahili chetu hakigusi kivumishi, "mrefu" ni yule yule, kazi yote inafanywa na "kuliko". Kiingereza hakimwachii "than" kazi hiyo peke yake, kivumishi nacho lazima kibadilike. Halafu kuna "I prefer reading than writing", kuna "She is elder than me", kuna "very bigger", kuna "one of the best student".

Msimamo wangu ni kwamba anayeshika kalamu nyekundu awe na uhakika kwanza. Karibuni tujadili, na mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Chaki Nyeupe

Ndugu yangu, nimesoma yote na nakuheshimu, lakini naomba nipinge. Mimi ni mwalimu wa somo hili. Mwanafunzi anayeanza ukimwambia "inategemea", umempoteza. Anataka kitu cha kushika. Ukimfungulia mlango wa "more simple" leo, kesho anakuletea "more tall" na "more big", na ukimuuliza anakujibu kwamba mwalimu alisema pande zote zinakubalika.

Halafu kuna suala la mtihani. Swali likisema andika upya sentensi kwa kutumia umbo sahihi la neno lililo kwenye mabano, na neno ni "simple", jibu linalotarajiwa ni "simpler". Aliyeandika "more simple" anahatarisha alama yake hata kama wewe na vitabu vyako mnamtetea. Yule mkubwa wa idara alifanya kazi yake. Kosa lake ni kuacha "more better" tu, hilo naungana nawe.

Mwandika Pembeni

Mwalimu, kumpa mwanafunzi kanuni rahisi ya kuanzia sipingi hata kidogo. Ninachopinga ni kuichukua kanuni ya kuanzia na kuigeuza kuwa sheria ya kumhukumu mtu mzima aliyeandika ripoti.

Tena hiyo "more tall" unayoiogopa, tuitazame kwa karibu. Kuna mahali ambapo hata neno fupi linalazimika kuchukua "more". Ni pale unapolinganisha sifa mbili za mtu yule yule badala ya kulinganisha watu wawili. Mtu akifeli kwa sababu hajitumi, utasema "He is more lazy than stupid." Jaribu kusema "He is lazier than stupid" uone inavyogoma. Maana ya sentensi ile ni kwamba neno "lazy" linamfaa zaidi kuliko neno "stupid", hakuna mtu wa pili anayelinganishwa naye. Mwanafunzi aliyefundishwa silabi tu, akikutana na sentensi hiyo kitabuni, atadhani mwandishi kakosea.

Na silabi moja nayo si salama kama tunavyodhani. "Real" haisemwi "realer" katika uandishi wa kawaida, ni "more real". "Wrong" na "right" vivyo hivyo. "Bored" ni "more bored". Upande wa pili, "unhappy" ina silabi tatu lakini "unhappier" ni sahihi kabisa, na "untidier" pia, kwa sababu "un-" imebandikwa mbele tu na neno linafuata tabia ya "happy" na "tidy". Kanuni ya silabi ikifika hapo inakwama mwanzoni na mwishoni.

Binti Tahajia

Naongezea kidogo upande wa uandishi maana nako watu wanaumia. Neno fupi linaloishia konsonanti moja iliyotanguliwa na irabu moja, konsonanti hiyo inarudiwa: "big" "bigger", "thin" "thinner", "hot" "hotter". Zikiwa irabu mbili, hairudiwi: "cheap" "cheaper", "weak" "weaker". "W" nayo hairudiwi, kwa hiyo ni "slower" na "newer". "Y" baada ya konsonanti inageuka "i", "dry" "drier", ila "shy" huandikwa "shyer". Nimeona "cheapper" kwenye matangazo mengi mno.

Mzee wa Jukwaa

Mimi nimecheza na kusoma tamthilia kwa muda mrefu, na kuna kitu hakinikai sawa hapa. Mnasema "more better" na wenzake ni makosa. Basi Shakespeare naye mbumbumbu? Kwenye Julius Caesar, Antony anasimama mbele ya umati, anaonyesha vazi la Kaisari lilivyotobolewa, na akifika kwenye tundu la kisu cha Brutus, rafiki wa Kaisari aliyekuwa mmoja wa wauaji, anasema "This was the most unkindest cut of all." Si "most unkind" wala "unkindest", ni vyote viwili kwa pamoja. Na nguvu ya sentensi iko hapo hapo. Ondoa "most" uone inavyopoa.

Fungueni na Biblia ya King James, ile ya 1611, Matendo ya Mitume 26:5. Paulo anajitetea mbele ya Agripa, anasema ameishi kwa kufuata "the most straitest sect of our religion". Wale waliotafsiri walikuwa wanazuoni wa hali ya juu. Sasa kama wao waliandika hivyo, kijana wa ripoti ana kosa gani?

Msaka Mizizi

Mzee, shikamoo. Mifano yako ni sahihi neno kwa neno, na wewe ndiye umegusa kiini cha mada. Naomba nieleze historia yake kidogo.

Zama za Shakespeare, kuweka "more" na "-er" pamoja, au "most" na "-est", ilikuwa njia ya kutia mkazo, na waliokuwa wakiifanya walikuwa wasomi. Ben Jonson, mshairi wa zama hizo hizo, aliandika kitabu cha sarufi kilichotoka 1640 baada ya kifo chake, na humo mtindo huu anausifu kuwa ni ufasaha unaofanana na ule wa Wagiriki wa kale. Anausifu huku akiutumia ndani ya sentensi yenyewe: "the most ancientest and finest Grecians".

Mambo yaligeuka karne ya 18. Wanasarufi walitaka lugha ifuate mantiki, na mantiki yao ilisema alama moja ya kulinganisha inatosha. Anayetajwa zaidi ni Robert Lowth, mtu wa kanisa ambaye baadaye alikuwa askofu wa London. Kitabu chake cha sarufi cha 1762 kilikataza maumbo haya mawili-mawili. Lakini tazameni mahali alipolegeza kamba. Katika Zaburi za tafsiri ya zamani Mungu anaitwa "Most Highest", na Lowth akasema hapo inafaa, kwa sababu anayetajwa yuko juu kuliko aliye juu kabisa.

Kuna mengine yaliyoponyoka. "Lesser" ni "less", ambayo tayari ni umbo la kulinganisha, ikaongezwa "-er" nyingine. Leo hakuna anayeikataa, tunasema "the lesser evil" bila wasiwasi. "Nearer" ndiyo inayonifurahisha zaidi. Katika Kiingereza cha kale neno la karibu lilikuwa lile lililokuja kuwa "nigh", na "near" ndiyo iliyokuwa "karibu zaidi", huku "next" ikiwa "karibu kuliko zote". Watu wakasahau, "near" ikawa neno la kawaida, ikabandikwa "-er" upya. Kila anayesema "nearer" leo anatumia ulinganishi maradufu bila kujua. "Worser" nayo Shakespeare aliitumia, ila yenyewe haikupata bahati hiyo, imebaki kwenye lahaja.

Jibu langu kwa swali lako, Mzee, ni kwamba "more better" haina dhambi ya kimantiki. Ilikuwa safi, ikaacha kuwa safi, kwa sababu waandishi wa Kiingereza sanifu waliacha kuitumia. Na hilo linatosha kumfanya kijana wa ripoti aiache, kwa kuwa msomaji wake ni wa leo.

Mzee wa Jukwaa

Marahaba. Maelezo yameshiba. Hapo kwenye "near" sikuwahi kusikia.

Bado nashikilia neno moja: wafundisheni watoto kwamba ni kosa katika uandishi wa sasa. Msiwaambie kuwa ni ujinga. Siku moja watafika kwa Antony na Brutus, na watamdharau mwandishi bure.

Kiti cha Nyuma

Wakuu naomba msaada, mimi niko kwenye maombi ya kazi. Niliandika "My colleague was older than me", jamaa mmoja akanikatalia, akasema lazima iwe "older than I". Mwingine akasema "than I" ni ya kujidai. Nifuate lipi?

Chaki Nyeupe

Kijana, "older than I" ndiyo sahihi. "Than" ni kiunganishi, na baada yake kuna kitenzi kilichofichwa: "older than I am". Huwezi kusema "me am". Tumefundishwa hivyo na tunafundisha hivyo.

Msaka Mizizi

Mwalimu, hoja hiyo ni ya Lowth mwenyewe, kwenye kitabu kile kile cha 1762. Kwa bahati mbaya kwake, Milton, mshairi mkubwa wa Kiingereza wa karne ya 17, aliandika "than whom" kumhusu Beelzebuli, na kwa hoja ya kitenzi kilichofichwa ingepaswa kuwa "than who". Lowth hakuwa tayari kumsahihisha Milton, akaikubali "than whom" kama jambo la pekee. Miaka mitatu baadaye, 1765, mwanasarufi mwingine aitwaye William Ward akasema "than" inaweza kufanya kazi kama kihusishi, na kihusishi hufuatwa na "me", "him", "her", "us", "them". Hoja hizo mbili zimekuwa zikipigana tangu wakati huo.

Kwenye matumizi, mshindi anajulikana. Wenye lugha wengi, wasomi wakiwemo, wanasema "older than me". "Older than I" ikikaa peke yake mwishoni mwa sentensi inasikika ngumu kama kola iliyotiwa wanga. Si kosa, ni suala la mtindo.

Kiti cha Nyuma, kwenye barua ya kazi kuna njia ya kumaliza ugomvi: andika "older than I am". Ukishaweka kitenzi, hakuna wa kukugusa, awe wa Lowth au wa Ward.

Mwandika Pembeni

Naongeza sehemu ambayo "I" na "me" zinabadilisha maana, si mtindo tu. "She likes him more than me" inaweza kuwa anampenda yeye kuliko anavyonipenda mimi, au anampenda yeye kuliko mimi ninavyompenda. Kiswahili nacho kina utata ule ule, "anampenda kuliko mimi" inabeba maana zote mbili. Njia ya kutoka ni ile ile ya kuweka kitenzi: "more than she likes me" au "more than I do". Hapo kweli kusahihisha kuna maana, kwa sababu msomaji anaweza kuelewa kinyume.

Binti Tahajia

Turudi kwenye "prefer" maana imeguswa ikaachwa. Naona hii kila siku: "I prefer this one than that one." Sahihi ni "to": "I prefer this one to that one." Na "superior", "inferior", "senior", "junior" zote zinachukua "to". "He is senior to me", siyo "senior than me". Kwa nini hizi zimejitenga?

Msaka Mizizi

Kwa sababu zilikuja kutoka Kilatini zikiwa tayari zimelinganishwa. Ile "-ior" ya mwishoni ni kiambishi cha Kilatini cha kulinganisha, kazi yake ni kama ya "-er". Ndiyo maana "more superior" nayo inakataliwa, unalinganisha kilicholinganishwa tayari. "Prefer" ni kitenzi lakini nayo ni ya Kilatini, asili yake ni kuweka mbele, na unaweka kitu mbele ya kingine, hauweki "than" kingine. Ukiwa na vitenzi viwili tumia "rather than": "I prefer to read rather than write."

Na "elder", kwa kuwa Mwandika Pembeni aliitaja: ni umbo la zamani la "older" lililobaki kwa ndugu wa familia. Inakaa kabla ya nomino, "my elder sister", au baada ya "the", "the elder of the two". Haikubali "than". Ukitaka "than", rudi kwenye "older".

Hesabu Sahihi

Mimi kazi yangu ni takwimu, na huko ulinganishi ukienda mrama si sarufi tu inayoharibika, namba zinaharibika.

Mfano: mwaka jana tuliuza 100, mwaka huu ripoti inasema "three times more than last year". Ni 300 au 400? Wengi wanamaanisha 300. Lakini yupo atakayesema "more" maana yake nyongeza, kwa hiyo 100 jumlisha mara tatu yake, 400. Nimeona kikao kikikwama hapo. Andika "three times as many as last year", ni 300, kikao kinaendelea. Usichanganye ukaandika "three times as many than", "as" inaita "as". Na "three times cheaper" iacheni kabisa, andika "a third of the price".

Jingine ni kulinganisha visivyolingana. "The population of China is larger than Brazil." Hapo umelinganisha idadi ya watu na nchi. Inatakiwa "larger than that of Brazil". Kisha kuna "Jupiter is bigger than any planet in the solar system". Jupiter nayo ni sayari ya mfumo huo huo, kwa hiyo umesema ni kubwa kuliko yenyewe. Weka "other": "than any other planet". Hizi mbili zinapita kwa wahariri wengi kwa sababu kivumishi kiko sawa, kosa liko upande wa pili wa "than", ambako watu hawatazami.

Mwandika Pembeni

Hesabu Sahihi, huu ndio mchango niliokuwa nautafuta. Upande wa pili wa "than" ndiko ninakotaka kalamu nyekundu iende. Pale ndipo msomaji anapopotezwa.

Chaki Nyeupe

Na mimi hapo nakubaliana kabisa, na nitalipeleka darasani. Lakini kuna moja sitalegeza: "less" na "fewer". "Fewer" kwa vinavyohesabika, "less" kwa visivyohesabika. "Fewer students, less water." Mtu akiandika "less students" simpi alama.

Msaka Mizizi

Kwa uandishi rasmi uko sahihi, Mwalimu, na mtu anayeandika barua au tasnifu akufuate wewe. Ila mpaka huo si wa kale kama tunavyodhani. Mfalme Alfred wa Uingereza ya kale, karne ya 9, alitumia neno lililokuja kuwa "less" alipotaja maneno machache zaidi, na maneno ni kitu kinachohesabika. Kauli ya kutenganisha ilitolewa na Robert Baker mwaka 1770, na aliitoa kama pendekezo lake binafsi, kwamba kwake "no fewer than a hundred" inapendeza na inafaa zaidi. Pendekezo la mtu mmoja likaja kuwa sheria vitabuni.

Hata ndani ya sheria hiyo kuna milango. Muda, umbali na fedha huchukua "less" ingawa zina namba: "less than two weeks", "less than ten kilometres", "less than fifty dollars". Sababu ni kwamba tunazichukulia kama kiasi kimoja kizima. Anayesahihisha "less than two weeks" kuwa "fewer than two weeks" anaharibu sentensi nzuri.

Kiti cha Nyuma

Vipi kuhusu "more perfect" na "more unique"? Nilisikia kitu kikishakuwa kamili hakiwezi kuwa kamili zaidi.

Mwandika Pembeni

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa 1787, inaanza kwa kusema lengo ni "to form a more perfect Union". Kwa hiyo "more perfect" ina ukoo mzuri, maana yake ni kukaribia ukamilifu zaidi. "More unique" inatumika sana katika mazungumzo, lakini wapo wasomaji wengi inayowakera. Kwenye maombi ya kazi iepuke, andika "more unusual" au "more distinctive".

Na kwa kuwa uko kwenye maombi, angalia "very". Haikai na umbo la kulinganisha. "Very better" hakuna, ni "much better", "far better", au "slightly better" kama tofauti ni ndogo. Wengi wakikosa hiyo "much" ndipo wanakimbilia "more", ikazaliwa "more better". Nadhani ukimpa mtu "much" mkononi, "more better" inaondoka yenyewe.

Binti Tahajia

Naomba pia tuiweke sawa hii: "The more you read, you understand more." Inatoka moja kwa moja kwenye "kadiri unavyosoma ndivyo unavyoelewa". Kiingereza kinataka pande zote mbili zianze kwa namna moja: "The more you read, the more you understand." Na "the" zote mbili zinahitajika.

Msaka Mizizi

Hasa. Na "the" hiyo ukiitazama si ile ya "the book". Inatokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha "kwa kiasi hicho". Ndiyo maana inakaa mbele ya "more" bila nomino yoyote.

Kiti cha Nyuma

Shukrani wakuu. Sasa naomba mnipitie sentensi yangu ya mwisho kabla sijatuma: "I believe my experience makes me more suitable candidate than others, and I am ready to work more harder."

Chaki Nyeupe

"More harder" unaijua sasa, ni "harder". Kisha "candidate" ni nomino moja inayohesabika, inahitaji "a": "a more suitable candidate". Umbo la kulinganisha haliondoi "a". Kosa hilo nalikuta kwenye kila rundo la madaftari.

Hesabu Sahihi

Na angalia upande wa pili wa "than". "Others" ni akina nani? Hujawaona wala hujui wana uzoefu gani, na anayesoma barua anajua kwamba hujui. Toa ulinganishi hapo, andika "makes me a suitable candidate", halafu taja uzoefu wenyewe: ulifanya nini, kwa muda gani, kikatokea nini.

Kiti cha Nyuma

Nimeibadilisha: "My experience makes me a suitable candidate for this position, and I am ready to work harder than the position requires."

Mwandika Pembeni

Iko sawa kisarufi. Tuma.